Betri za Saa Kumi na Moja na Nusu

Saa kumi na moja na nusu jioni, hata viatu Asilimia hajavua, baba yake aligusa sikio mara mbili akasema kwa upole, "Zimekwisha tena, mwanangu."

Kisha mzee akavitoa vile vifaa vya kusikia, akavilaza kwenye kikebe chao cha kuchajia, akarudi kwenye kandambili aliyokuwa akiishona, ametulia tuli.

Asilimia akafungua daftari, akaandika saa. Alikuwa mtunza stoo wa kiwanda cha skrubu, mtu asiyelala mpaka kila kitu kiwe na lebo. Jina hilo alipewa na wenzake kazini, kwa sababu hakuna simu iliyopita mbele yake bila kuulizwa imebaki asilimia ngapi. Mambo ya betri za lithiamu alijifunza mwenyewe, ukurasa kwa ukurasa. Aliyemwuliza, alimweleza. Asiyemwuliza, alimweleza pia.

Vifaa hivyo alivinunua yeye. Mwaka uliopita alianza kuona kwamba mzee haitiki anapozungumzishwa. Hospitali aliona ni kusumbuana bure, akampima mwenyewe. Alisimama nyuma ya kiti cha mzee akaeleza, kwa dakika arobaini, tofauti ya skrubu za chuma na za shaba. Mzee hakugeuka hata mara moja. Asilimia alijifungia bafuni akalia kidogo, na kesho yake akaenda dukani.

Sasa betri zilikuwa zinakufa kila jioni, na dada yake mkubwa alishapiga simu. Hakupandisha sauti. Alisema tu kwamba Jumamosi ya mwisho wa mwezi anakuja, na kama betri bado hazifiki usiku, baba atahamia kwake.

"Huwezi kumwacha mzee kwenye ukimya kila jioni, mdogo wangu."

Asilimia akajifunga kibwebwe. Kuishi bila baba yake hakukuwa kwenye mpango wowote aliowahi kuuandika.

Vifaa vyenyewe havikuwa na namba wala taa ya kuonyesha chaji. Shahidi alikuwa mzee peke yake. Wiki ya kwanza Asilimia aliacha kuvichaji usiku kucha, maana betri ya lithiamu haipendi kukaa imejaa pomoni. Zikaisha saa kumi na moja na nusu. Wiki ya pili alipunguza muda wa kuchaji, akamwagiza mkewe aziongezee kidogo mchana badala ya kungoja zikauke. Saa kumi na moja na nusu. Akaondoa kikebe dirishani kisipigwe na jua, akakijengea kibanda kwa boksi la viatu, mpaka mkewe akamwuliza wanauguza betri au wanauguza mgonjwa. Na kila jioni alimweleza mzee hatua aliyofikia, kwa mikono na kwa sauti ya juu sana, kwa kuwa betri zilikuwa zimekwisha.

Alhamisi moja lori la mizigo lilichelewa kiwandani, naye akachelewa. Alipoingia nyumbani saa moja na nusu, ndiyo kwanza zinakwisha. Aliandika "Maendeleo" na kupiga mistari miwili chini yake. Lakini Jumapili, siku yake ya kupumzika, zilikufa saa tatu asubuhi, chai haijapoa. Aliandika: "Joto?"

"Labda ujaribu kuchelewa tena," mkewe alisema, macho kwenye sufuria.

Alimjibu kwa subira kwamba betri haijui nani amechelewa.

Ijumaa, siku moja kabla dada hajafika, aliomba ruhusa kazini. Mzee alikuwa bado amelala. Asilimia alikitia kikebe mfukoni akaenda kwa fundi, mama mmoja wa miwani asiye na papara. Fundi aliviunganisha vifaa na kompyuta, akasoma, akainua macho.

"Kaka, betri hizi ni kama mpya. Hazijawahi kushuka chini ya asilimia sabini. Sijaona mtu aliyezitunza hivi."

Kwa muda mfupi hapakuwa na mtu mwenye furaha kumshinda Asilimia katika mtaa ule.

"Ila hazikwishi," fundi aliendelea. "Vifaa vinazimwa. Mtu anabonyeza kitufe."

"Saa ngapi?"

Fundi akaanza kusoma, na Asilimia akafuata kwa kidole kwenye daftari lake. Saa kumi na moja na nusu. Saa kumi na moja na nusu. Alhamisi, saa moja na nusu. Jumapili, saa tatu asubuhi.

"Saa hizo nyumbani kwenu huwa kuna nini?"

Asilimia alifikiri, kwa utaratibu wake ule ule.

"Huwa nipo mimi," alisema.

Alirudi nyumbani akaingia kwa mlango wa nyuma. Baba yake alikuwa barazani, amewapa mgongo, anashona kandambili ya pili. Asilimia akamvuta mkewe kando ya jiko, maji yakichemka, na kwa mara ya kwanza tangu amwoe akazungumza kwa kunong'ona. Alimweleza yote. Alisema mzee amechoka naye, na ana haki. Kesho dada akija amchukue tu, hatabisha.

"Mwambie dada yako asijisumbue," mzee alisema kutoka barazani, bila kugeuka. "Kwake kuna kelele kutwa. Hapa angalau najua zinaanza saa ngapi."

Asilimia akaingiza mkono mfukoni. Kikebe kilikuwa mle mle, kimefungwa, na vifaa vyote viwili ndani.