Kikombe cha Tatu

Miaka thelathini Shekilindi alionja chai kiwandani na hakuna aliyembishia. Tangu augue, ulimi wake hautambui kitu. Leo mkewe amempangia vikombe vitatu mezani, kila kimoja kimebandikwa jina la chai yake chini.

Viwili ameshakosea.

"Tupumzike, Baba Salha."

"Nipe cha tatu."

Alivuta funda kwa kelele, akalizungusha mdomoni kwa hasira. "Hii ndiyo ile tuliyoifungia koponi mwaka aliozaliwa Salha."

"Umepatia," mkewe akasema, akaenda jikoni.

Shekilindi aliimaliza chai yote, akakipindua kikombe. *Ya dukani, ya juzi.*

Aliposikia kandambili zikirudi, alikigeuza upesi, akamnyooshea mkewe bila kumtazama.

"Niongeze hiyo hiyo."