Nyuma ya Goli la Wageni

Bibi Rozina aligoma kunyanyuka. Mtu wa kamati ya ligi alimbembeleza, akamwonyesha kiti jukwaani, akamwahidi na soda. Bibi akavuta blanketi mabegani, akajikita kwenye kigoda chake, hatua tatu nyuma ya goli la wageni.

"Bibi, wageni wamelalamika. Wanasema unamroga kipa wao."

"Wewe umeniona naroga?"

"Midomo yako inacheza."

Bibi akatoa mikono ndani ya blanketi. Rozari. "Nasali. Sheria gani ya mpira inakataza?"

"Unaomba nini?"

"Hayo ni yangu na Mungu. Kiingilio nimelipa, sitoki. Mkitaka, nibebeni."

Hakuna aliyethubutu. Nchi hii kuna watu ukiwaambia tu umetoka huku kwetu Sumbawanga, wanasogea pembeni kwenye benchi wakiogopa kurogwa. Upuuzi mtupu, lakini upuuzi huo ulikuwa umewapa Mbizi Rangers msimu ambao mji haujawahi kuuona. Timu iliyoponea chupuchupu kushuka daraja mwaka jana ilikuwa imeshinda mechi zote kumi za nyumbani. Kila mechi bibi huyu wa mtaa wa Kasense alikaa nyuma ya kipa mgeni, na timu zikibadilishana magoli alibeba kigoda chake, akazunguka uwanja kumfuata. Makipa walitazama nyuma kuliko mbele. Watu wa Matai walipigwa manne, na kipa wao akaomba kutolewa kabla ya mapumziko.

Mwenyekiti wa klabu, Theodory, akamjia juu yule wa kamati. "Huyu ni bibi yetu! Akiondoka yeye, na sisi hatuchezi!" Mashabiki wakaitikia kwa kelele. Mtu wa kamati akaondoka na soda yake.

Ilikuwa mechi ya mwisho, na kombe lilikuwa mezani tayari. Mbizi walihitaji ushindi; wageni wao, Mtowisa, sare tu ingewatosha. Vijana wa Mtowisa walikuwa wamepanda kutoka kwenye joto la bondeni, na upepo wa Juni uliwatafuna bila huruma. Kipa wao, Marselino, alitetemeka. Kama ni kwa baridi au kwa bibi, hata mwenyewe asingejua. Lakini alidaka. Alidaka vichwa, alidaka mashuti, mpira ukatemwa na mwamba, akarudi kuudaka tena. Dakika ya themanini na tisa, bado bila bila.

Ndipo beki wa Mtowisa akaunawa mpira kwenye boksi. Penalti.

Elia, mfungaji wa Mbizi, akaweka mpira. Bibi Rozina akasimama, jambo ambalo hakuwahi kulifanya msimu mzima, akasogea karibu na wavu.

"Mwanangu," akamwambia Marselino, "huyu hupiga kushoto kwako. Ruka kushoto."

Marselino akageuka, akamwona, akapiga ishara ya msalaba. Filimbi ikalia. Akaruka kulia kwa nguvu zake zote.

Mpira ukaingia kushoto.

Watu wakabomoa uzio. Wazee waliotembelea fimbo walizitupa wakacheza. Theodory akaja mbio na kombe mkononi, machozi yanamtoka, akapiga magoti mbele ya kigoda.

"Bibi, leo umemaliza kazi! Umemdanganya kijana wa watu mchana kweupe! Waambie hawa, waambie ulivyotuombea msimu mzima!"

Bibi Rozina hakuligusa kombe. Alikuwa anamtazama Marselino, aliyekaa chini peke yake akiegemea mlingoti wa goli, jezi imemganda mgongoni.

"Sijamdanganya mtu," alisema kwa hasira. "Nyinyi mna mji mzima wa kuwapigia kelele. Hawa watoto wa watu wanakuja hapa hawana hata mmoja. Mechi zote hizi nimewaombea wao."