Jaketi la Kukalia

"Koma kunichulia, jirani! Mume wangu yuko ndani anakula!"

"Shemeji, mtumbwi wake umepinduka nikiuona kwa macho haya," alisema fundi redio, nguo zikimchuruzika maji. "Tumemtafuta mpaka tumechoka."

"Basi mmemtafuta mtu mwingine! Makelele tu, kama redio zako!"

Fundi akamwonyesha jaketi la kuelea aliloliokota. Maji ya bwawa walilovulia hayapiti kifua, lakini upepo wake haupigi hodi, na tope lake likishika mguu haliachii. Wavuvi walijua hayo yote, na bado majaketi waliyakalia kama mito. La mvuvi huyu, mikanda yake ilikuwa ingali ndani ya nailoni ya dukani.

Mama wa watu akalitazama, asiliguse.

Upepo ukainua pazia la mlango. Mezani, mgongo ambao fundi aliujua vizuri ulikuwa umeinamia sahani, kijiko kikienda mdomoni taratibu. Chini ya kiti, maji ya tope yalikuwa yakitanda sakafuni.

Yule mama akamshika fundi mkono, sauti imemshuka.

"Hajui," alinong'ona. "Usimwambie, shemeji, nakuomba. Karibu ndani, ule naye."