Kilemba cha Zambarau

"Nisafishie jina, mwanangu," Sipora alimwambia karani wa benki. "Kila ninakokwenda kukopa nafukuzwa, na deni lenyewe silijui. Kitambulisho changu kiliibwa."

Ndivyo Tunu, binti yake, alivyomfundisha aseme. Alikuwa kaketi nyuma yake, kajitanda khanga hadi puani.

"Basi mwizi tunaye, mama. Alijipiga picha wakati wa kukopa." Karani akamgeuzia kompyuta.

Sipora akakiona kilemba chake cha zambarau, hicho hicho alichovaa leo. Chini yake, macho ya Tunu.

"Umemtambua? Tukufutie wewe, polisi wamfuate yeye."

Tunu akakohoa.

"Ndimi huyo," Sipora akasema. "Nilikuwa nimekonda."

Nje, Tunu akanyoosha mkono amtengenezee kilemba. Sipora akakivua mwenyewe, akabaki amekishika, jua likimchoma utosini.