Gunia la Dirishani

Kisa alisimama mlangoni pa chumba chake cha kulala. Kuta zote alikuwa amezifunika kwa magunia ya pumba za mpunga, na dirisha pia, apate kurekodi wimbo wake bila kelele za nje.

"Haya, mama, jaribu!" akaita, kisha akaufunga mlango.

Mama mkwe alikuwa nje, migombani, pale mumewe Kisa alipozoea kusimama na kupiga mluzi kila arudipo na mzigo kutoka Malawi, mkewe atoke kumpokea. Safari hii alikuwa ameingia mwaka wa tatu hajarudi.

Kisa akangoja. Alisikia pumzi zake tu.

Mlango ukafunguliwa. "Nimepiga mluzi mpaka midomo imekauka," mama mkwe akasema akihema. "Umesikia?"

"Hata kidogo."

"Basi kazi imekwisha, mwanangu! Imba."

Kisa hakuigusa maikrofoni. Alilitazama gunia la dirishani, akalishika pembe moja, akavuta. Likachanika, pumba zikamwagikia miguu yake.

"We! Majogoo watauharibu wimbo!"

"Waache wauharibu, mama."

Mama mkwe akasogea dirishani. Kisha akaishika pembe ya pili.