Kilio cha Fundi Friji

Shangazi alidondosha mkasi. "Huyo anaimba au anachinjwa?"

"Anaimba, shangazi. Tena ananiimba mimi!" Mshona mapazia aliongeza sauti ya spika, akajifuta machozi kwa pazia la mteja, kisha akacheka kama mtu aliyetekenywa.

Mwezi uliopita alimkataa fundi friji. Alikuwa mtu mwema, lakini mkimya kupita kiasi. Ukimuuliza kama anakupenda, anaangalia viatu. "Siwezi kuolewa na gogo," alimwambia, akatoka mvua ikinyesha. Leo rafiki yao kamtumia albamu ambayo fundi kairekodi peke yake chumbani: magitaa yanavuma kama upepo kwenye bati bovu, ngoma zinakimbizana, na juu yake yule mkimya analia kwa sauti ya kupasua koo. Kaiita *Niliuacha Mlango Wazi*.

Mwanzoni aliogopa, akaizima. Alipoiwasha tena mwili ukamsisimka. Ndani ya makelele yale mlikuwa na wimbo mtamu wa polepole, unazama na kuibuka, naye akaulilia kwa raha ambayo nyimbo za mapenzi hazijawahi kumpa. Pazia lilishonwa kombo na hakujali.

Maneno yalikuwa ya kuchimbua. Shangazi, umbea ulipomzidi, akabandika sikio kwenye spika.

"Anasema... 'ulitoka mvua ikinyesha.'"

"Ni mimi huyo!"

"'Ulinikwaruza, nikakusamehe.'"

"Si nilimwita gogo!"

"'Hakuna tena wa kulala kifuani pangu.'" Shangazi akamkazia macho. "Hee! Kifuani?"

"Tulikuwa tunaangalia filamu, shangazi. Nilipitiwa na usingizi tu!"

Wimbo wa mwisho ulikuwa ukelele mmoja mrefu usio na neno hata moja. Ulipokwisha, shangazi mwenyewe alikuwa anapenga kamasi.

"Mwanangu," alisema, "mwanamume wa kukulilia hivi hauzwi dukani. Nenda kabla hajaokotwa na mwingine."

Alitoka mbio, pini zimechomekwa kwenye gauni, nyuzi zimejaa nyweleni. Alicheka peke yake barabarani, watu wakampisha. Alipofika kwenye ngazi za fundi ndipo kicheko kilipomwisha. Je, kama amechelewa? Alimpenda, sasa alijua hivyo bila shaka yoyote, na mtu aliyeumizwa kiasi kile ana haki ya kumfukuza.

Fundi alikuwa amekaa sakafuni, macho mekundu.

"Nimeisikiliza yote," alimwambia akihema. "Usilie tena. Unayemlilia amerudi."

Fundi aliruka. Uso ulimchanua, akacheka, akalia, akamkumbatia na kumnyanyua juu juu hadi viatu vikamvuka. Mshona mapazia alifumba macho kwa furaha.

Kisha fundi akamtua, akanyakua kisahani cha maziwa, akampita mlangoni na kuinama kwenye ngazi, akiita kwa sauti nyororo:

"Pusi, pusi, pusi!"