Mwaga Kichwa

"Mwageni," Agripina alisema kwa mara ya nne. "Hicho kidumu chini ya meza, kimwageni chote."

Chini yao vyerehani vya karakana vilinguruma kama ilivyo kawaida ya Kangle, mtaa wa washonaji wa Guangzhou, na kwenye kona ya chumba mtungi wa shaba ulidondosha kilevi chake kwenye chupa, to, to, to.

Asubuhi alikuwa ametoka kununua vitambaa, mkono wake begani kwa mwanawe Elisante tangu duka la kwanza mpaka la mwisho. Ni mnunuzi mgumu. Waliomwambia pamba tupu, alipapasa pindo mara moja akasema, "Hapa mmetia nailoni," na muuzaji akacheka cheko la aibu. Huko sokoni alisikilizwa. Hapa chumbani kwa mtoto wake mwenyewe, aliyemfuata kutoka Mbulu kuja kumshuhudia akihitimu sayansi ya chakula, amekuwa redio inayoongea peke yake.

"Mama, hii si gongo," Elisante alisema. "Ni wiski ya mahindi, mtindo wa burboni ya Wamarekani."

"Mahindi ni mahindi, baba."

"Sikiliza basi. Viwanda vikubwa vinapikia kwenye minara mirefu ya chuma. Pombe inatoka kali, lakini imechujwa mpaka haina ladha ya kwao. Mtungi wa shaba unaacha mafuta ya mahindi yapite, ndiyo maana inanukia kama hindi la kuchoma. Tunapika mara mbili, halafu inalala kwenye pipa la mwaloni lililounguzwa ndani. Laoban, yaani bosi mwenye baa, anakuja saa kumi kuonja hii mbichi. Akiipenda, nimepata kazi."

"Na kichwa?"

"Kinachotangulia kutoka tunakitenga. Kichwa, moyo, mkia. Tunachukua moyo tu."

"Mkishakitenga mnakipeleka wapi?"

Agripina hakuhitaji jibu. Tangu avuke kizingiti, harufu ya rangi ya kucha ilikuwa inamjia kutoka chini ya meza, nzito, ya vichwa vya mapishi mengi yaliyokusanywa mahali pamoja.

Mlango ukafunguliwa kwa kishindo, barafu ikigongana kwenye mfuko. Alikuwa Njuguna, Mkenya anayesoma na Elisante. Agripina alimjua kwa sauti ya simu tu. Ndiyo kwanza wanakutana.

"Mathe! Karibu Guangzhou! Usinyanyuke, kaa tu."

"Asante mwanangu. Hicho kidumu ni chako?"

"Ni chetu. Moyo umetoka kidogo, chupa ya laoban haijai, tunaongezea hapo. Sisi hatutupi kitu, mathe. Hayo mahindi tumeyabeba ngazi nne!"

"Punguzeni moto," Agripina akasema. "Matone yanakimbizana. Mkia unaingia."

Elisante akadondosha kidogo kiganjani, akasugua, akanusa. "Kweli. Umeshaingia."

"Aii! Na hata hujaangalia mtungi!" Njuguna akacheka. Elisante akakohoa.

Hasira ilimpanda Agripina. Si kwa Njuguna, maana mtoto wa watu hajui. Ilikuwa kwa mdomo wake mwenyewe, unaojua kusema mwaga na kuishia hapo.

"Kwetu palikuwa na mpishi wa gongo," akaanza, "jina lake Anatory. Naye alikuwa hatupi kitu. Alikusanya vichwa vya wiki nzima, Jumamosi akavipeleka kwenye harusi..."

"Ikawaje?" Elisante akauliza.

Miaka ishirini na minne amemlea mtoto huyu kwa hadithi nyingine, na kanisani pia wanaijua hiyo nyingine. Angeanzia wapi leo, mbele ya mgeni?

"Watu waliumia," akasema tu.

"Mathe, watu huumia hata na chai!"

Jamani! Alitamani ainuke apige kile kidumu teke, ila hakujua Njuguna alikuwa amekisogeza wapi. Akabaki ameshika pindo la khanga yake, analisokota. Kifuniko kikafunguliwa. Kidumu kikamiminwa kwenye chupa, glu, glu, glu, na ile harufu ikajaa chumba.

"Mpishi huonja kwanza," Elisante alisema, na glasi ikanyanyuliwa kutoka mezani.

"Ngoja, na mathe apate yake." Njuguna akamwekea glasi mkononi. "Cheki mwenyewe. Safi kama maji. Kitu safi hivi kitakuwa na ubaya gani?"

"Njuguna," Elisante akasema kwa sauti ya chini, "mama yangu..."

"Mwache, hajakosea." Agripina aliizungusha glasi vidoleni, taratibu, kama anavyopima kitambaa. Jua la dirishani lilimpiga usoni, hakukunja jicho. "Elisante, usinywe. Ile homa niliyokuambia ilinishika ukiwa tumboni, haikuwepo. Palikuwa na harusi, na kikombe cha Anatory."

Akasikia glasi ya mwanawe ikirudi mezani.

"Nayo ilikuwa safi hivihivi," akasema. "Nakumbuka vizuri, maana ndicho kitu cha mwisho nilichokiona."